Namna ya Kuyapima Maneno ya Wenye Kamera za Mfukoni

Mtu atakaye kununua leo, katika Kariakoo, kamera ndogo ya dijitali, ile iingiayo katika mfuko wa shati na kutoka bila ya kumchosha mwenyewe, hukabiliwa na jambo ambalo wazee wake hawakukabiliwa nalo waliponunua kamera za filamu: chombo anachokitafuta kimekaribia kuacha kutengenezwa, na yule amwuziaye aghalabu hakijui zaidi ya kuijua bei yake. Viwanda vya Japani, ambavyo katika mwaka 2010 vilipeleka sokoni kamera za lenzi isiyobanduka zaidi ya milioni 100, katika mwaka 2023 vilipeleka chini ya milioni 2. Simu za mkononi zilichukua nafasi yake, na nyingi katika kamera ndogo zionekanazo sasa nyuma ya vioo vya maduka yetu ni za mtumba, zilizokuja pamoja na mizigo mingine bila ya sanduku, bila ya kitabu cha maelezo na bila ya waranti. Kwa sababu hiyo mnunuzi hana mwalimu ila mmoja, naye ni mtu aliyekwisha kuimiliki kamera ya namna ile akaishi nayo.

Nakusudia kukuonyesha, msomaji, jinsi ya kuyasikiliza maneno ya watu hao, jinsi ya kuyachuja, na jinsi ya kuyafuatia kwa jaribio lako mwenyewe juu ya meza ya duka kabla fedha hazijatoka mkononi mwako. Rai ya mwenye kamera ni ushahidi, na ushahidi haupokewi kwa utamu wa sauti ya shahidi, bali kwa kujua alikuwa wapi, aliona nini, na kwa muda gani. Kadhi makini humwuliza shahidi maswali hayo hata kama anamjua kuwa mtu mwema, nawe yakupasa uwaulize wenye kamera hivyo hivyo, kwa adabu na bila ya haraka.

Kwanza umtambue asiyekuwa shahidi. Ukishuka basi la mwendokasi pale Gerezani, ukaufuata Mtaa wa Msimbazi kwa miguu hata ukafika kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, utapokewa na winga, yaani dalali wa mtaani, kabla hujapokewa na mwenye duka. Atakuita kaka, au dada, au mama, atakuuliza unatafuta nini, na ukisema kamera ndogo, atakuapia kwamba anaijua iliyo bora kuliko zote katika mtaa. Winga anatafuta riziki yake kwa njia ya halali, wala simlaumu; mara nyingi ndiye atakayekufikisha penye bidhaa ambayo peke yako ungeizunguka kutwa bila ya kuiona. Lakini kamera anayoisifu hakukaa nayo, hakwenda nayo harusini, wala haikumharibikia mkononi. Mpe shukrani kwa kukuongoza njia, na maneno yake juu ya ubora uyaache palepale ulipoyakuta.

Mashahidi wa kweli utawapata mahali pengine. Wapo wapiga picha wa sherehe, waliokuwa wakitumia kamera ndogo kabla hawajapata uwezo wa kununua kubwa, na ambao bado huiweka moja mfukoni kwa dharura. Wapo wenye studio ndogo za picha za paspoti katika mitaa ya Ilala na Kariakoo. Wapo waliokuwa wakizunguka na kamera katika viwanja vya Mnazi Mmoja siku za Idi na sikukuu za taifa, zama ambazo familia ilimwita mpiga picha kwa kuwa hakuna mmoja wao aliyekuwa na chombo cha kujipigia. Na wapo jamaa zako mwenyewe, shangazi au mjomba aliyerudi safari na kamera akaitumia miaka mitatu, kisha akaiweka. Kijana aliyeinunua mwezi uliopita kwa kuwa amependa rangi za picha za zamani ni shahidi pia, ila wa daraja ya chini, nami nitakueleza sababu.

Umwendee mtu wa namna hiyo wakati asipokuwa na kazi, si pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Umwamkie, umwambie, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie maneno mawili matatu juu ya ile kamera ndogo uliyokuwa nayo," naye akikuitikia marahaba, usianze kwa kumwuliza kama ni nzuri. Swali hilo halina faida. Kila mtu ataka kuonekana kwamba alinunua kwa busara, na akiulizwa hivyo atasema nzuri, au kama ilimtia hasara atasema mbaya, na katika majibu yote mawili hutapata cha kushika. Anza kwa kumwuliza namba ya modeli, ile iliyoandikwa juu ya mwili wa kamera au chini yake.

Nalikazia jambo hili kwa sababu ndipo hitilafu nyingi za maneno ya watu zinapotoka. Jina la Cyber-shot Sony walizipa kamera nyingi sana zilizotofautiana kwa kila kitu isipokuwa jina. DSC-W800 ya mwaka 2014 ni Cyber-shot, nayo ni kamera ya bei ya chini yenye kihisi kidogo, yaani kile kipande kipokeacho mwanga mahali pa filamu. RX100 ya mwaka 2012 ni Cyber-shot vilevile, na kihisi chake kina eneo la karibu mara nne ya kile cha mwenziwe. Vivyo hivyo Canon IXUS 185 na IXUS 285 HS zinafanana kwa umbo kiasi cha kumdanganya mtazamaji, walakini ya kwanza haina Wi-Fi na video yake ni ya daraja ya chini, na ya pili ina Wi-Fi na video kamili ya 1080. Watu wawili wakikuambia kwamba wana Sony ndogo, mmoja akaisifu kwa picha za usiku na mwingine akailaani kwa picha za usiku hizo hizo, usimdhanie yeyote uwongo. Yamkini wote wawili wamesema kweli juu ya vyombo viwili mbalimbali.

Ukiisha kuijua modeli, uliza muda, lakini usihesabu kwa miaka tu. Uliza imepitia masika mangapi. Kamera iliyonunuliwa Juni ikasifiwa Februari haijaonja mvua za Machi hadi Mei, wakati ambapo hewa ya Dar es Salaam hujaa maji hata viatu vilivyomo kabatini huota ukungu, na lenzi nayo huweza kuota. Ndiyo sababu nikasema kijana wa mwezi mmoja ni shahidi wa daraja ya chini: macho yake ni mazima na moyo wake umependa, ila chombo chake hakijapata kujaribiwa. Kisha uliza ilifanya kazi gani, maana aliyeitumia kwa picha za watoto nyumbani mara moja kwa mwezi hawezi kukujulisha habari za betri, na aliyeitumia kutwa katika mahafali ya shule anaweza. Uliza aliipata mpya au ya mtumba. Uliza, na hili nalipenda kuliko yote, ilimkatalia nini: picha gani aliitaka, akaijaribu, asiipate. Katika jibu la swali hili mtu husahau kujisifu, na ndipo utakaposikia habari za fleshi isiyofika, za lenzi ichelewayo kushika mpaka mtoto amekwisha kugeuza uso, za kioo kisichoonekana juani saa saba za mchana. Mwisho uliza iko wapi sasa. Akisema anayo mfukoni na akaitoa, umepata ushuhuda usiohitaji maneno. Akisema iko kabatini tangu apate simu mpya, umepata ushuhuda mwingine, nao una uzito wake.

Malalamiko yana thamani kuliko sifa, kwa kuwa sifa huzaliwa na mapenzi, na lalamiko, ghalibu, huzaliwa na tukio. Lakini si kila lalamiko lina uzito mmoja. Mfano ulio bora ninaoujua ni mambo yaliyotokea katika mwaka 2005, nao watuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi. Wenye kamera za aina mbalimbali walikuwa wakieleza kwamba picha zinapinda, au zinachanganya rangi, au kioo kinakuwa cheusi kabisa na kamera haioni tena. Walipoyasikia maneno yao mbalimbali, watu wangeweza kudhani kwamba kila mmoja ameiharibu yake kwa uzembe. Katika Oktoba ya mwaka huo Sony walitangaza kwamba vihisi vya CCD walivyovitengeneza baina ya Oktoba 2002 na Machi 2004 vilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro hiyo hujitokeza hususa mahali penye joto na unyevu. Na kwa kuwa Sony waliviuza vihisi vyao kwa viwanda vingine, aibu hiyo ilizifika Canon, Nikon, Fujifilm, Olympus na wengineo, pamoja na kamera zilizopendwa mno kama Canon PowerShot A60, A70 na A75. Malalamiko yaliyoonekana kuwa ya watu wasiojuana, juu ya majina yasiyohusiana, yalikuwa lalamiko moja.

Kwako mnunuzi wa leo mna mambo mawili ndani ya habari hiyo. La kwanza ni kwamba kamera ya miaka ile, hata ikiwa safi kama iliyotoka kiwandani, uiogope, kwa maana matengenezo ya bure yaliyotolewa zama zile hayakungojei wewe. La pili ni kwamba lalamiko litokalo kwa mtu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam lakustahili kusikilizwa mara mbili, na sifa itokayo kwa mtu aishiye katika nchi kavu yenye baridi lazima uipunguze kidogo kabla ya kuipokea, maana kamera yake haikupumua hewa hii tuipumuayo.

Kuna lalamiko jingine lililowasumbua sana wenye Canon ndogo za mwanzo wa karne hii, nalo ni maandishi ya E18 yaliyotokea katika kioo pale lenzi iliposhindwa kutoka au kurudi ndani. Hapa hekima yataka uulize zaidi kabla ya kuhukumu. Lenzi itokayo na kurudi hutembea juu ya meno madogo ya plastiki, na chembe moja ya mchanga yatosha kuyasimamisha, sawa na kuanguka mara moja kutoka mezani. Kwa hiyo ukiambiwa lenzi ilikwama, uliza kama ilikwama nyumbani au Coco Beach, kama ilikuwa imevikwa mfuko au imetupwa katika mkoba pamoja na funguo na mchanga wa Kigamboni. Likisemwa na mtu mmoja aliyeipeleka pwani, ni habari ya mtu huyo. Likisemwa na watatu wasiojuana ambao hawakuipeleka, ni habari ya kamera.

Sifa nazo zina mitego yake, na mkubwa ni ule wa megapikseli. Utaambiwa, kwa fahari, kwamba hii ni 20 na ile ni 8 tu, kana kwamba unanunua mchele kwa kilo. Picha ya kawaida ya karatasi, ya sentimita 10 kwa 15, tuichapayo kwa albamu, ikichapwa vizuri kabisa huhitaji nukta 1,800 kwa 1,200, ambazo hazizidi sana megapikseli 2. Kamera ya megapikseli 5 yenye lenzi safi itakupa picha hiyo na nyingine kubwa kuliko hiyo, na kamera ya megapikseli 20 yenye lenzi iliyoota kuvu haitakupa yoyote. Kadhalika zumu: usikubali hesabu iliyochanganya zumu ya lenzi na zumu ya dijitali, maana hii ya pili haileti kitu karibu, bali hukata picha na kuikuza.

Vijana wa sasa husifu rangi za vihisi vya CCD, nao wamezipandisha bei kamera ambazo miaka michache nyuma hazikuwa na mtaka. Sipingi furaha yao, kwa kuwa picha zao nimeziona, na nyingi zapendeza. Ila kwa rai yangu sehemu kubwa ya uzuri ule watoka katika fleshi ipigwayo karibu na namna kiwanda kilivyozipanga rangi, na si katika CCD peke yake; kwa hiyo usilipe ziada kwa herufi tatu. Taka uonyeshwe picha.

Na picha hizo, uzitake za watu wa hapa. Maneno mengi juu ya kamera hizi yamesemwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao husumbuliwa na mambo yasiyotuhusu, kama betri kuzimia katika theluji, na hawasumbuliwi na yale yatuhusuyo. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukadiria kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni vya kijivu cha wastani. Bwana harusi akisimama mbele yake katika kanzu nyeupe na joho, au bibi harusi katika shela, kamera huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zetu zilizo nyeusi zikazidi kuwa nyeusi hata macho yakapotea. Aliyepiga picha harusi za Kariakoo kwa miaka amelijua jambo hili kwa taabu, na atakuambia ni kamera ipi hulikosea zaidi na ni ipi hulirekebisha kwa kuutafuta uso. Atakuonyesha pia alama ya kujumlisha na kutoa, ambayo kamera nyingi ndogo zinayo ndani ya orodha zake, na ambayo ukiiongeza mpaka +0.7 au +1 kanzu itabaki nyeupe na uso utarudi. Pazia jeusi nyuma ya mtu huleta kinyume chake, nawe utapunguza badala ya kuongeza. Kamera isiyokuwa na alama hiyo, au iliyoificha mbali kiasi cha kukuchelewesha, siishauri kwa mtu atakaye kupiga picha za jamaa zake.

Habari za fleshi ni fupi. Katika kamera hizi hufika mita 3 au 4, basi. Katika ukumbi mpana kama Diamond Jubilee aliye mstari wa mbele atang'aa na aliye nyuma yake atamezwa na giza, na mwenye kamera akikuambia kwamba yake humulika ukumbi mzima, mshukuru na umwulize mwingine.

Betri na kadi ndivyo vitu ambavyo wenye kamera husahau kuvitaja, kwa kuwa walivizoea, na ndivyo vitakavyokuamulia kama kamera yako itafanya kazi au itakaa. Kamera za zamani kama PowerShot za mfululizo wa A na Coolpix za mfululizo wa L zilitumia betri za AA, na watu wa safari walizipenda kwa kuwa betri hizo ziko katika kila duka. Maneno hayo ni ya kweli nusu: betri za bei nafuu zitumikazo katika redio na saa ya ukutani huzimika baada ya picha chache, nawe utahitaji za alkalini zilizo njema au, bora zaidi, za kuchaji za NiMH. Kamera nyingine zina betri yake maalumu, kama NB-11L ya baadhi ya Canon au NP-BN ya baadhi ya Sony; kabla ya kununua hakikisha betri hiyo bado yapatikana, na iliyomo ikiwa imevimba, usiikubali hata bure.

Katika kadi, ujue kwamba Sony nyingi za kabla ya 2010 hutumia Memory Stick, na Olympus na Fujifilm za zamani hutumia xD, ambayo haitengenezwi tena. Na kamera ya kadi ya SD iliyotengenezwa kabla ya 2006 aghalabu haisomi kadi iliyozidi GB 2, hata ukaapa. Mwenye kamera aliyekuambia kwamba yake hukataa kadi mpya huenda hana kamera mbovu, bali ana kadi kubwa. Fauka ya hayo, Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina orodha za Kijapani peke yake, wala hazibadiliki. Mtu aweza kuzikariri kwa alama, lakini aingie kwa kujua.

Ukiisha kuwasikiliza watu, nenda sasa dukani ukawe shahidi wa nafsi yako. Chukua kadi mbili, moja ndogo ya GB 2 na moja kubwa, karatasi nyeupe, na simu yako kwa ajili ya tochi. Usiende jioni wakati duka lina watu wengi. Asubuhi muuzaji ana subira. Washa kamera na uisikilize: lenzi itoke moja kwa moja, pasipo kusita wala kukwaruza, na zumu iende mpaka mwisho na kurudi. Mulika tochi ndani ya lenzi kwa upande. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na kuitoa katika kamera ndogo ni kazi ya fundi hodari ambayo huenda ikapita thamani ya kamera. Piga picha ya karatasi nyeupe, uikuze katika kioo, utafute madoa ya vumbi, kisha ufunike lenzi kwa kiganja, upige nyingine ya giza, utafute nukta zing'aazo. Piga uso wa mtu mweusi aliyevaa nyeupe. Katika Kariakoo hutamkosa, na ukimwomba kwa heshima hatakunyima. Toka nje juani, utazame kama kioo chasomeka.

Tazama na skrubu. Zikiwa zimekwaruzwa, kamera imefunguliwa, na yakupasa uulize na nani na kwa nini. Jaribu kifuniko cha betri, ambacho huvunjika mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Toa betri, ukae kitambo, uirudishe: ikikuuliza tarehe tena baada ya muda mfupi tu, ile betri ndogo ya ndani imechoka, nalo ni jambo dogo, ila linakutosha kuomba upunguziwe bei. Wala usidanganyike na namba ya picha. Hesabu ya faili hufika 9999 ikaanza upya, na yaweza kurudishwa nyuma kwa kubofya, kwa hiyo IMG_0012 haimaanishi kamera mpya.

Kadi unayouziwa pamoja nayo uitilie shaka. Kadi za bandia ni nyingi, zimeandikwa GB 64 na ndani yake hamna hata robo yake, nazo hupokea picha bila ya kulalamika mpaka siku utakapozifungua usizione. Dawa yake ni kuijaza kadi tupu mpaka mwisho katika kompyuta na kuyasoma yote uliyoyaweka. Programu iitwayo H2testw huifanya kazi hiyo katika Windows. Bidhaa za bandia zinahusu Tume ya Ushindani, FCC, nawe una haki ya kuipelekea malalamiko yako. Ili uwe na cha kupeleka, dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na uombe iandikwe modeli na namba ya chombo. Ukinunua kwa mtu binafsi, mwandikiane jina, tarehe na namba hiyo mbele ya mtu wa tatu. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na muuzaji asiyetaka kuandika jina lake amekwisha kukujibu.

Kuna jambo moja ambalo sijamsikia mtu yeyote akilizungumza dukani, nami nalihesabu kuwa zito. Kamera za mtumba mara nyingi huja na picha za wenyewe wa kwanza, ama katika kadi, ama katika kumbukumbu ya ndani ambayo huonekana kadi ikitolewa. Mle mna watoto wa watu, harusi za watu, na pengine mambo ya faragha. Hizo ni amana. Usizitazame kwa kujifurahisha, usimwonyeshe rafiki, wala usizirushe mitandaoni kwa kuwa zimekupendeza. Kumwaga mambo ya faragha ya mtu asiyekukubalia ni dhuluma, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama mwenyewe ajulikana, mrudishie nakala. Kama hajulikani, zifute kwa kuiformati kadi na kumbukumbu ya ndani.

Ukiifikisha nyumbani, iweke katika bati au chombo cha plastiki kifungwacho sawasawa pamoja na vifuko vya silika, uvikaushe au kuvibadili kabla ya masika na kabla ya vuli. Usiifungie ndani ya mkoba wa ngozi kwa miezi, maana ngozi hushika unyevu. Utokapo katika chumba cha kiyoyozi kuingia katika joto la mtaani, iache ndani ya mfuko kwa kitambo mpaka ipate joto, usije ukaiona lenzi imejaa mvuke na ukaifuta kwa shati. Usipoitumia kwa muda mrefu, toa betri.

Na siku atakapokujia mwingine akikuuliza habari za kamera yako, usimwambie ni nzuri. Mpe modeli kamili. Mwambie uliipata lini na kwa hali gani, imepita masika mangapi, umeitumia kwa kazi gani, imewahi kufunguliwa au haijawahi. Mwonyeshe picha tatu: moja ya juani, moja ya ukumbini usiku, na moja iliyoharibika, na katika hiyo ya tatu umweleze ulichokuwa ukikitaka na ilipokukatalia. Kisha umpe kamera yenyewe aishike, aiwashe na kuizima, aisikilize lenzi.